Mtihani wa Mdomo Lilongwe

Tangu nirudi Bukavu, kila anayeniita tunywe bia huanza na swali moja: "Chef, ni kweli kule Malawi ulikuwa unafundisha université?" Nikisema ndiyo, mnapiga makofi. Nikisema mambo yaliharibika, mnadhani ninajishusha kwa adabu. Basi nimeandika, kila mtu asome peke yake na asinikatize, maana kwa mdomo huwa hatufiki hata Kigoma kabla mmoja wenu hajaanza kusimulia vita vyake yeye.

Mambo ya hati, mihuri na mistari ya kuandikishwa nimeyaruka. Kila aliyekimbia anayo ya kwake na yote yanafanana.

Uvira, Kigoma na reli

Mnakumbuka nilivyoondoka. Vita vya pili vilikuwa vimetuingilia mjini, nami nikasema darasani, chaki mkononi, kwamba mkulima wa Walungu sasa analipa kodi kwa watawala watatu na hakuna hata mmoja anayemtengenezea barabara. Jioni mwanafunzi akaja nyumbani kuniambia kuna watu wameuliza ninalala wapi. Kesho yake mimi, mke wangu Nabintu, mtoto wetu Murhula na mdogo wake Ansima tulikuwa njiani kwenda Uvira, na kutoka Uvira tukavuka ziwa kwa mashua ya injini iliyojaa madumu ya mawese.

Mimi nilibeba mkoba wenye syllabus zangu zote za uchumi wa kilimo. Nabintu alikuwa na Ansima mgongoni na kichwa cha cherehani kimefungwa ndani ya kitenge. Aliuangalia mkoba wangu akasema, "Baba Murhula, we unakimbiza makaratasi? Haya, tutaona gani itatupa kula."

Kigoma nilikutana na Mrundi mmoja, mwalimu wa sekondari, aliyeniapia kwamba Malawi hakuna vita na walimu wa vyuo wanatafutwa kwa tochi. Hakuwahi kufika Malawi. Lakini mtu aliyekuwa Chef de Travaux, mhadhiri anayengoja uprofesa, ambaye wanafunzi walikuwa wakisimama akiingia, halafu leo anapigwa na jua akisubiri kikombe cha uji, huyo anaamini chochote. Nikamwambia Nabintu tunaendelea mbele. Hakupinga. Aliuliza tu kama huko kuna muhogo.

Garimoshi liliharibika kabla ya Tabora, kwenye kituo ambacho hakikuwa na kitu zaidi ya karanga za kuchemsha. Tulikula karanga mpaka Murhula akaanza kulia akiziona. Mzee mmoja Mnyamwezi aliyekuwa kwenye behewa letu alinisikia nikiongea akacheka: "Bwana mkubwa, hicho Kiswahili chako umekinunua wapi?" Nikanyamaza hadi Mbeya. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuambiwa kwamba hata kinywa changu ni mgeni.

Karonga

Upande wa Malawi, mji wa kwanza ni Karonga. Tuliingia kwenye kibanda cha chakula tukiwa na njaa ya kweli. Mwenye kibanda akaja na jagi la maji na beseni, kisha akapiga magoti mbele yangu sakafuni.

Nilidhani ameanguka. Nikaruka, nikamkamata mkono kumwinua. Beseni likamwagika, mama akapiga kelele, mume wake akatoka nyuma akiwa na mwiko wa kusongea. Kumbe huko ndivyo mwanamke anavyomnawisha mgeni wake, kwa magoti, na mwanamume mwenye adabu hanyanyui mtu, ananyoosha mikono tu na kusema zikomo, yaani asante. Nabintu ndiye aliyetuokoa, kwa sababu alicheka, na kicheko chake mnakijua. Mume naye akacheka, tukaletewa nsima, yaani ugali wao, na samaki wadogo wanaoitwa usipa, ambao ni ndagala wetu kabisa. Nabintu aliwatazama samaki hao kwa furaha niliyokuwa sijaiona tangu Uvira.

Dzaleka

Dzaleka ni kambi ya wakimbizi iliyo juu kwenye uwanda wa Dowa, mahali palipokuwa gereza kabla yetu. Upepo wake wa mwezi wa saba unaingia mpaka kwenye mifupa. Humo ndani Kiswahili kinatawala: Wabembe na Wafuliiru wa Fizi na Uvira, sisi wa Bukavu, Warundi, Wanyarwanda. Wa Fizi walitucheka sisi watu wa mjini kwa kutojua kufyatua tofali, na walikuwa na haki. Nyumba yetu ya kwanza ilianguka mvua ya kwanza. Ya pili Nabintu aliisimamia mwenyewe, akachanganya udongo kwa miguu pamoja na wanawake wa kwaya ya kanisani, na hiyo ikasimama. Akaweka kichwa cha cherehani juu ya mbao, akapanda muhogo nyuma ya nyumba, akaanza kushona.

Mimi nilikaa. Nasema hivyo bila aibu, au kwa aibu, chagueni. Kila asubuhi nilivaa koti, nikakaa mlangoni na kamusi ya Kiingereza kama mtu anayengojea gari la serikali. Watu wakaniita "Prof", lakini walikuwa wakitania. Nikamwapia Nabintu kwamba nitatutoa hapo sote wanne, na nitatutoa kwa kazi yangu mwenyewe, siyo kwa huruma ya mtu. Alikuwa akikata kitambaa. Akasema, "Sawa, Baba Murhula. Siku utatutosha humu kambini, mi nitatoa ushuhuda kanisani." Mnajua kanisani kwetu ushuhuda si mchezo. Unasimama mbele ya watu wote, unasema Mungu amekutendea nini, na ukishasema umesema.

Msimu wa mahindi wa pili, mchungaji mmoja Mmalawi aliyekuja kuhubiri alinisikia nikitafsiri mahubiri yake, akauliza nilikuwa nani kabla. Nikamwambia. Akasema kuna chuo cha binafsi Lilongwe kinachohitaji mhadhiri wa maendeleo ya vijijini. Nikaenda, nikaonana na mkuu wa chuo, mama mmoja mpole mwenye miwani aliyeitwa Bibi Phiri. Akanipa muhula mmoja wa majaribio. Nikithibitishwa, nitapata nyumba ya wafanyakazi, na familia ije.

Njia ya Lilongwe

Siku ya kuanza kazi nilipanda kabaza, baiskeli ya kukodi, nikiwa na koti, tai na mkoba wangu juu ya mapaja. Dereva wa kabaza alinyonga huku akiniuliza kama huko Kongo ni kweli watu wanakula nyani. Nikamwambia wanakula madereva wa baiskeli. Akanyonga kwa kasi zaidi.

Barabarani nikapata matola, yaani pikapu ya kubeba watu na mizigo, nikakaa juu ya magunia ya mahindi. Tulikuwa tumekwenda vizuri mpaka tukakuta msiba unapita. Dereva akazima injini. Abiria wote wakashuka, wanawake wakaketi chini pembeni ya barabara, wanaume wakavua kofia, na baadhi wakajiunga na wimbo wakaondoka nao kabisa. Mimi nikabaki juu ya gunia nikiangalia saa. Mzee mmoja akanivuta mguu wa suruali, kwa upole, nishuke. Nikashuka. Tulikaa pale mpaka jeneza lilipotoweka makaburini, kisha dereva akangoja waliokuwa wamelifuata.

Niliingia chuoni saa sita, vumbi la mahindi mpaka kwenye nyusi, na hotuba ya kujitetea nimeitunga kwa Kiingereza. Bibi Phiri alinikatiza mwanzoni kabisa. "Msiba?" akauliza. "Basi hujachelewa." Siku hiyo niliipenda Malawi, na naiandika ili msije mkasema sikuona zuri lolote.

Kawale

Chuo kilikuwa ghorofa ya juu ya jengo la maduka, upande wa mji wa zamani. Chumba nilichopanga kilikuwa Kawale, karibu na soko, nikaenda kazini kwa miguu.

Sasa nisikilizeni nyie mnaotamani kufundisha nje. Kitu cha kwanza walichoniuliza ni kama mimi ni Dokta au Bwana. Nikasema mimi ni Chef de Travaux. Wakatazamana. Wakaandika Bwana mlangoni. Miaka yangu yote ya uasistenti na utumwa kwa maprofesa mnaowajua ikawa Bwana, sawa na fundi wa mabomba.

Cha pili, nilisoma somo langu polepole ili waandike, neno kwa neno, nukta kwa nukta, kama sisi tulivyosomeshwa. Nikatamka "mkato" wa pili, darasa zima likaangua kicheko. Kijana mmoja akainua mkono, akaniuliza kwa heshima kwa nini nisiwape tu karatasi iliyochapwa wakaisome nyumbani. Nikamuuliza, kama ni hivyo, mimi nimekuja kufanya nini? Akatazama chini. Wote walikuwa wakitazama chini. Nilifundisha wiki nyingi nikiwatazama utosini, nikidhani wananidharau.

Mtu aliyenifumbua macho alikuwa Mhina, Mtanzania wa Tanga, mhadhiri wa uhasibu aliyekuwa amekaa Malawi miaka mingi. Alikuwa ananiita ofisini kwake saa ya chai, tukala mandazi. "Ndugu yangu Cirhuza," aliniambia, "mtoto wa hapa akikutazama machoni amekutukana. Wanakuheshimu, wewe unawakasirikia." Nikamuuliza yeye alizoeaje. Akacheka. "Mimi sikuzoea. Mimi nilinyamaza. Wakisema karatasi, natoa karatasi. Wakisema mkutano, nakaa mkutanoni. Wewe bado unataka kufundisha, ndiyo maana unakonda."

Maneno yale yaliniudhi mwezi mzima. Lakini nilijirekebisha. Niliacha kusoma nukta. Niliwapa karatasi. Badala ya kuwauliza macho kwa macho, nikawaambia wageukie dirishani wanieleze wanachokiona kule nje: wanawake wa nyanya wametoka wapi, nani amewauzia, nani anawapangia bei. Hapo darasa likafunguka. Kulikuwa na msichana mmoja, Chimwemwe, aliyetoka mtaa wa Area 23 kwa miguu kila siku. Kwenye karatasi aliandika mistari mitatu ya woga. Akielekea dirishani, alizungumzia tumbaku ya babu yake wa Dowa, mkopo wa mbolea, mnunuzi anayebadili daraja la jani mbele ya mnada, kwa namna ambayo hata hapa Bukavu sijaipata kwa wanafunzi wengi.

Siku moja kwenye chai, mbele ya wahadhiri wote, Bibi Phiri alinyanyua kikombe akasema: "Bwana Cirhuza sasa ni wetu." Watu wakapiga makofi. Mimi nilisimama, nikashukuru kwa hotuba ndefu.

Niambieni ninyi: kwetu, mkuu akisema mbele ya watu wote kwamba mtu ni wetu, hiyo ni nini? Hiyo ni uteuzi. Karatasi itafuata, na isipofuata, neno limekwisha kusemwa na mashahidi wapo. Jioni ile nikamtumia Nabintu ujumbe kwa mtu wa kwaya aliyekuwa akirudi kambini: nimethibitishwa, njooni.

Jumapili ile Nabintu alisimama kanisani Dzaleka akatoa ushuhuda. Alisema Mungu amemtoa kambini yeye na mume wake na watoto wake. Halafu, hapo hapo, akatangaza kwamba nyumba yake anampa Mama Riziki, mjane wa Fizi aliyekuwa amefika na watoto watano akilala kwenye turubai. Wakaimba, wakalia. Watu walinisimulia kwamba hata mchungaji alilia. Siku chache baadaye Nabintu alishuka Kawale na watoto, cherehani na mche wa muhogo kwenye kopo.

"Nyumba iko wapi?" aliniuliza, akiangalia chumba changu.

"Inakuja," nikasema.

Mitihani

Hapa ndipo mnapenda kunikatiza, kwa hiyo someni taratibu.

Mwisho wa muhula nilipeleka maswali yangu kwa karani, akayapokea. Nikamwambia sihitaji ukumbi, nitawatahini ofisini kwangu. Alifurahi sana, ukumbi ulikuwa mmoja na kila mtu aliutaka. Nikamwambia Mhina nawatahini Jumatatu. Akasema vizuri.

Jumatatu wanafunzi wangu walijipanga kwenye ujia. Niliwaita mmoja mmoja. Nilikata maswali yangu vipande, nikavikunja, nikavitia kwenye kikombe, kila mmoja akachota chake, kama tulivyofanya sisi tangu tukiwa wanafunzi. Nilifunga mlango, kwa sababu anayengoja nje akisikia swali ameshaiba. Mlango ulikuwa na kioo. Nikabandika gazeti kwenye kioo, kwa sababu wale wa nje wangeweza kusoma midomo. Nani kati yenu hajawahi kufanya hivyo? Mna hata pazia!

Na niwaambie, ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo katika nchi ile. Nilimgeuza kila mwanafunzi dirishani, nikakaa nyuma yake, nikamwacha aseme. Walijua. Watoto wale niliokuwa nikiwaona wazito walikuwa wanajua, isipokuwa hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuwauliza wakamjibu kwa kinywa. Chimwemwe alizungumza mpaka nikasahau kwamba kuna wengine nje. Nilipomwambia amefaulu, na amefaulu vizuri, alianza kulia. Akatoka akilia, anafuta macho kwa kitambaa cha kichwa.

Mhadhiri mmoja alikuwa akipita ujiani. Aliona gazeti kwenye kioo, mlango uliofungwa, na msichana anatoka kwa mwalimu mgeni huku analia.

Kesho yake niliitwa. Bibi Phiri hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. Wanafunzi waliulizwa mmoja mmoja, na wote, nawasifu kwa hilo, walisema ukweli. Chimwemwe aliwaambia: "Aliniuliza kuhusu tumbaku, nikajua jibu. Ndiyo maana nililia." Nikadhani limekwisha. Nikarudi Kawale nikamwambia Nabintu kulikuwa na maneno ya watu lakini yamekwisha.

Halafu akaja mtahini wa nje. Ni desturi yao: mtu kutoka chuo kingine anakuja kusoma majibu ya wanafunzi na kuangalia kama umesahihisha kwa haki. Mwanamume mmoja mnene, mstaarabu. Akakaa, akafungua kalamu.

"Karatasi za majibu ziko wapi?" akauliza.

"Hakuna," nikasema. "Ulikuwa mtihani wa mdomo."

"Wote?"

"Wote."

"Basi nitajuaje kwamba walijibu?"

"Mimi nilikuwepo," nikamwambia. "Niliwasikia."

Alivua miwani akamwangalia Bibi Phiri. Mama huyo ndiye aliyenieleza, polepole, kama unavyomweleza mgonjwa. Huko kwao mwanafunzi anaandika, jina lake linafichwa, anabaki namba, na mwalimu anayesahihisha hapaswi kujua anasahihisha nani. Hiyo ndiyo haki. Mtihani wangu, ambamo ninamjua mtu, ninamwona, nimefunga mlango naye na ushahidi ni masikio yangu, si mtihani hata kidogo.

Nilimjibu kwa Kiingereza kibovu, kwa hasira. Nilimwambia kwamba mimi siwezi kumpima mtu nisiyemjua. Karatasi inaweza kunakiliwa, kinywa hakinakiliwi. Hata Mungu siku ya mwisho hatatugawia vitabu vya majibu. Na leo bado nasema hivyo, na nikirudishwa kwenye kile kiti nitasema hivyo tena. Lakini nilikuwa najua, wakati nikisema, kwamba ninasema nikiwa nje tayari.

Matokeo yalifutwa. Wanafunzi waliandika mtihani mwingine, uliotungwa na mtu mwingine. Mhina aliniambia Chimwemwe aliandika mistari michache akaanguka mtihani huo.

Bibi Phiri aliniita mara ya mwisho. Nikamkumbusha siku ya chai: mbele ya watu wote ulisema mimi ni wenu. Alionekana kuumia kweli. "Bwana Cirhuza," alisema, "nilikuwa nakukaribisha tu." Akaniambia zikomo kwa mikono miwili, na nikashuka ngazi.

Mhina alinisindikiza mpaka chini. "Ungeniuliza, ndugu yangu."

"Nilikwambia nawatahini."

"Nilijua kwa karatasi! Kuna kutahini kwingine?"

Hakutania. Nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza, halafu nikakumbuka kwamba yeye ana nyumba.

Kurudi Dzaleka

Nabintu hakulia wala hakugomba. Alifunga kichwa cha cherehani kwenye kitenge. Jambo moja tu alisema, tukiwa barabarani tunangoja matola: "Mi nilisema mbele ya bantu bote, Baba Murhula. Nilisema kama Mungu alishatutosha kule kambini. Sasa nitaingia na uso gani?"

Nikamwambia kosa si langu. Akasema, "Sijasema kosa. Nauliza uso."

Tuliingia kambini mchana, kwa sababu gari halikuchagua saa ya aibu yetu. Watu wa kwaya waliotuona walitusalimia haraka haraka wakaangalia pembeni, na hilo lilikuwa baya kuliko kuchekwa. Tulipofika mbele ya nyumba yetu, Nabintu alisimama mbali kidogo, kama mgeni anayebisha hodi. Nguo za watoto wa Mama Riziki zilikuwa zimeanikwa juu ya muhogo wetu.

Mama Riziki alitoka akatuona na mizigo. Alielewa pale pale. Alimkimbilia Nabintu akamnyang'anya ile cherehani, akaiweka kichwani mwake.

"Mama Murhula, nyumba ni yako. Mi na batoto tutarudi kwa turubai, tulishazoea."

"Hapana," akasema Nabintu. "Nilishatoa. Kitu ya Mungu hairudishwake."

"Basi ingieni mukae, mukuwe bageni bangu."

Kwa hiyo tulikaa kama wageni katika nyumba ambayo Nabintu aliikanyagia udongo kwa miguu yake mwenyewe, familia mbili, watu kumi, chumba kimoja chao na kimoja chetu. Mama Riziki hakuwahi kutuonyesha kwamba tunamsonga. Yeye alikaanga mandazi, Nabintu akashona, wakaweka meza moja sokoni ya vitu vyote viwili. Watu wakaanza kuita ile meza kwa majina yao wawili. Murhula akaingia shule ya kambini, akaanza kunijibu kwa Kichewa. Ansima alilia akifundishwa Kifaransa.

Mimi nilirudi mlangoni na koti langu. Hakuna aliyeniita Prof tena, hata kwa utani. Nilikasirika kwa muda mrefu sana. Nilimkasirikia Bibi Phiri, mtahini, gazeti, Mrundi wa Kigoma. Halafu nikaanza kumkasirikia Nabintu kwa sababu yeye hakukasirika, na hapo ndipo tulipoacha kuzungumza zaidi ya mambo ya maji na kuni.

Bukavu

Makubaliano ya amani yalipotiwa saini na barua yenu ikaja kwamba institut yetu imefungua na kiti changu kipo, nilikimbia nayo mpaka sokoni. Nikaisoma kwa sauti mbele ya meza. Nilisema: Mama Murhula, tumetoka!

Nabintu alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja.

"Enda," akasema. "We ni mwalimu, enda ufundishe. Mi sitasimama tena mbele ya bantu kusema tumetoka. Huku batoto banasoma, banalala, hakuna mutu anatufukuza. Bukavu vita inaweza kurudi kesho."

"Na mimi?"

"We utakula kwa kazi yako. Njo vile ulitaka."

Nilimsihi. Nilikasirika, nikasihi tena. Mama Riziki alijifanya anachekecha unga. Murhula alinisindikiza hadi barabara ya kabaza, akanipa mkono kama Mmalawi, ameinamisha macho kwa heshima. Nilimwambia atazame juu. Alijaribu, akashindwa.

Mlinipokea vizuri, sikatai. Mlinipa ofisi yangu ile ile, mkachinja mbuzi, mkaagiza samaki wa sambaza na bia. Mmoja wenu akasimama akasema tunywe kwa ajili ya familia ya Chef iliyo njiani, mkagonga chupa, nami nikanywa pamoja nanyi. Naandika ili nisilazimike kulisema kwa mdomo: hakuna aliye njiani. Niliitafuta kazi ya chuo kikuu ili watu wanne watoke Dzaleka. Imemtoa mmoja, na ndiye huyo mliyemchinjia mbuzi.